Rayon X za Chimène

Mvua ililiangukia soko kuu la Kisangani ghafla, watu wakakimbilia maduka. Chimène, binti wa wavuvi wa Wagenia aliyekuwa akisoma fizikia chuo kikuu, aliingia dukani kwa Nzanzu amekumbatia kompyuta, gauni lake la kijani limemganda mwilini. Nzanzu, muuza vitenge kutoka Butembo, akampa kitenge kipya ajifute.

"Sasa kimelowa. Utamuuzia nani?"

"Siuzishe tena. Iko yako."

Tangu siku hiyo wakawa wanapigiana simu kila jioni. Chimène alimwita muuza maua, kwa vile vitenge vyake vyote vilikuwa na maua. Kuhusu masomo yake alisema machache tu. Aliogopa kuonekana anajivuna.

Jioni moja Nzanzu alipopiga, mdogo wa Chimène, Joëlle, ndiye aliyepokea. Akasema yaya, dada yake mkubwa, amejifungia na rayon X zake, zimeonyesha kitu kikubwa, na sasa anapelekwa Afrika Kusini.

Nzanzu alikata simu. Mama yake alianza hivyo hivyo: picha ya kifua kwa eksirei, kisha safari ambayo hakurudi. Chimène alipopiga, alishindwa kupokea. Angemwambia nini? Wiki ikapita. Chimène akaamini amechokwa. Akafuta namba yake, kisha akaiandika tena, maana alikuwa ameishika kichwani.

Jumapili baada ya misa, Nzanzu alifika kwa kina Chimène karibu na maporomoko, amevaa suti nyeusi, kola imembana shingo. Chimène alikuwa akipara samaki uani. Hakumpa kiti.

"Nilikuwa na woga," Nzanzu akasema. "Lakini tutaenda wote Afrique du Sud. Nitakuoa, nikae pembeni ya kitanda yako mpaka upone."

"Nipone nini?"

"Ile kitu rayon X iliona."

Chimène aliweka kisu chini. Kicheko kilimjia, lakini alipoyaona macho ya Nzanzu akamvutia kiti. Akamweleza kwamba mbali sana mbinguni kuna galaksi, kila moja ina nyota zisizohesabika, nazo galaksi huishi kwa makundi. Darubini ya mwanga wa kawaida huziona galaksi zenyewe. Kati ya galaksi hizo kuna gesi ya moto mno, na hiyo huonekana kwa rayon X, kwa darubini iliyorushwa nje ya hewa ya dunia. Yeye hulinganisha picha hizo mbili. Katika kundi moja alikuta gesi imeachana na galaksi zake, ishara kwamba makundi mawili yaligongana hapo. Kwa kazi hiyo amepewa nafasi ya kusoma Afrika Kusini miaka miwili.

"Donc, kumbe hauko mugonjwa."

"Niko muzima. Lakini safari iko ya kweli."

Nzanzu akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika.

"Ulitaka kuoa mugonjwa?" Chimène akauliza taratibu.

"Nilitaka kukuoa weye. Ugonjwa ilikuja nyuma."

Chimène akamwambia aje Jumamosi na matonton wake, wajomba na baba zake wadogo, wapeleke posa kwa papa, yaani baba yake Chimène, kabla ndege haijamchukua. Miaka miwili ni mirefu, akasema, na yeye hapendi kungojewa na mtu asiye na hakika. Nzanzu akaishika mikono ya Chimène yenye magamba ya samaki, bila kujali suti yake, na hakuiachia hata Joëlle alipowaita kula.