Mwali Haitwi Jina

Asubuhi ile ilianza vizuri tu, na ndiyo maana Scholastika hakuisahau mpaka anaingia kaburini. Ukungu ulishuka mapema Kinole, ukaondoka mapema, jua likafika kwenye migomba nyuma ya nyumba. Alimenya ndizi, akazipika, akapakua sahani mbili. Moja ilikuwa yake na ya mtoto wa mgongoni. Nyingine ilikuwa ya mwali.

Mwali huyo alikuwa binti yake wa kwanza, Modesta, na alikuwa na mwezi wa saba yumo ndani. Huo ulikuwa wakati wa Mdachi, vita ikikaribia mwaka wake wa tatu, na mila ya Waluguru ilikuwa bado na meno. Msichana akivunja ungo aliingizwa ndani, akakaa humo mpaka ukoo upate nafaka ya pombe ya kumcheza. Hakuona jua. Hakusema kwa sauti, alinong'ona tu. Na hakuitwa jina. Jina la mwali lilitamkwa siku ya kutoka, mjomba akiwa amesimama uani, na mwali akilisikia ndipo alipotoka. Kabla ya siku hiyo hata mama mzazi alimwita "mwali", basi.

Scholastika aligonga ukuta mara tatu kwa kidole. Kutoka ndani zikarudi tatu. Ndivyo walivyojuliana hali kila siku.

"Umeamkaje, mwali?"

"Salama, mama."

Sahani ikapita kwenye tundu la ukuta. Kilichobaki ni kazi za nyumbani za kila siku.

Scholastika alikuwa Mkristo, tena si wa kujaribu. Alibatizwa na mapadri pamoja na mumewe, Alois, na tangu Alois alipochukuliwa upagazi mwanzoni mwa vita asionekane tena, sala ndiyo iliyomshika asianguke. Katekista wao, Mwalimu Severini, alimshauri mara mbili amtoe mtoto ndani. Akasitasita. Shamba alilolima lilikuwa la ukoo, na mwenye kauli katika ukoo alikuwa kaka yake, Yunusi, ambaye maji ya ubatizo hakuyataka hata kuyasikia. Basi Scholastika akajipatanisha mwenyewe: mila ilinde mlango, Mungu amlinde mtoto. Alidhani viwili hivyo havitagongana.

Jua lilikuwa halijapanda sana Yunusi alipotokea kwenye njia ya Mkuyuni, anahema. Askari wa Mdachi walikuwa wanarudi nyuma, Mwingereza anawafuata, na kila kijiji walichopita walikamata watu wa kubeba mizigo, wanaume kwa wanawake. Watu wote walikuwa wanapanda msituni.

"Na mwali?" Scholastika akauliza.

"Mwali anabaki."

"Kaka, wataingia."

"Mlango una majani." Yunusi alionyesha majani ya mgomba yaliyochanwa yakaning'inizwa pale, alama ya nyumba yenye mwali. "Hao askari nao wana mama zao. Hakuna mwanamume anayevuka hayo. Lakini akitoka kabla ya kuchezwa hatazaa, na ukoo utaishia kwake."

Mwalimu Severini alikuwa anapita na kikombe cha misa ndani ya kitambaa, anakwenda kukificha. Akasimama. "Dada Scholastika," akasema taratibu, "mfunike shuka, mtoke naye. Mungu hatakasirika."

Scholastika alisimama katikati ya wanaume wale wawili, mtoto analia mgongoni. Akachagua alichoona ni kuitii mila na Mungu pamoja. Akainama kwenye tundu.

"Mwali. Kaa kimya, ujifunge kwa ndani. Mungu yupo hapo na wewe."

"Na wewe, mama?"

"Mimi narudi."

Alisikia kamba ya mlango ikikazwa kwa ndani. Ndipo akakimbia na wenzake.

Msituni walijibanza chini ya miti mikubwa, ukungu umewafunika mchana kweupe. Walisikia mbwa wakibweka kule chini. Wakasikia bunduki, mara mbili. Baada ya hapo hata mbwa hawakusikika.

Alasiri ukungu ulipasuka kidogo na moshi ukaonekana. Moshi mzito, upande wa nyumba zao. Scholastika alikuwa akisali kimoyomoyo tangu asubuhi, lakini moshi ule ulimtoa katika hali yake. Mapadri walimfundisha kwamba unayemwombea umtaje, usimwache Mungu na sala isiyo na mtu. Akapiga magoti akiwa ameelekea bondeni, akaomba kwa sauti yake yote.

"Bwana, mlinde Modesta. Na kama hutamwondolea hili, basi asiwe peke yake. Modesta. Modesta."

Wanawake wakaziba midomo. Yunusi alimjia karibu, uso umempauka.

"Umemwita," akanong'ona.

"Nimemtaja kwa Mungu."

"Uko nje, dada. Uko nje na umemwita."

Siku ya tatu waliteremka. Maghala mawili yalikuwa yameteketea na mbuzi wote wamechukuliwa. Nyumba ya Scholastika ilikuwa nzima. Majani mlangoni hayakuguswa, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani vilevile. Akaenda ukutani. Akagonga tatu.

Zikarudi tatu.

Alikaa chini palepale akalia kwa furaha. Akataka kufungua, amwone tu, lakini mnong'ono ukaja kwenye tundu. "Bado, mama. Mjomba hajaniita." Ilikuwa kweli, na Scholastika aliona haya kwamba mtoto ameshika mila kuliko yeye. Akamwambia kila aliyekutana naye kwamba Mungu ameshinda.

Siku zile alipika kwa nyimbo. Sahani iliingia na chakula ikatoka tupu, safi kana kwamba imeoshwa. Lakini kibuyu cha maji alichokipitisha kilirudi kimejaa. Na mnong'ono ulikuwa unatoka chini sana, karibu na sakafu. Mtoto wa mgongoni, aliyezoea kunyoosha mkono kwenye tundu kumtafuta dada yake, sasa alificha uso kila wakikaribia.

Jioni walisali rozari pamoja, mmoja nje, mmoja ndani. Mwali aliitikia vizuri. Ila kila walipofika pale panapotajwa saa ya kufa, alinyamaza. Scholastika alimaliza maneno hayo peke yake, mara hamsini.

Siku ya tano alipopitisha sahani aliviona vidole vilivyoipokea. Vilikuwa vya mwanawe. Chini ya kucha kulikuwa na udongo mwekundu. Udongo wa nyumba ile ulikuwa mweusi.

Hakumwambia mtu. Alijiambia ni giza la mle ndani, na usiku ule hakulala.

Kesho yake Mwalimu Severini alirudi. Alikuwa anachechemea, mabega yamechubuka kwa mzigo, na hakutaka kuingia uani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Mwalimu, umepona. Na sisi tumepona, mwali yupo."

Severini aliyatazama kwanza majani ya mlangoni.

"Dada, mimi nilikamatwa siku ileile. Tulifungwa kamba hapa uani kwako. Askari waliyaona majani, wakayaacha. Alasiri, ukungu umeshuka, mlango ukafunguka wenyewe na mtoto akatoka. Akasimama anaangalia juu, msituni. Nikamwuliza, kwa nini umetoka? Akasema, mama ameniita. Mara tatu."

Scholastika alikaza fundo la nguo ya mtoto mgongoni.

"Wakamtwisha sanduku. Siku ya pili, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, alianguka hakuinuka tena. Nimemzika mimi, kwa mikono hii. Usiku wake nikakata kamba."

"Unasema uongo," Scholastika akasema, na hakusema kwa hasira. "Jana nimempa chakula."

Akamshika mkono akamvuta hadi ukutani. Akagonga tatu.

Kimya.

Kuku alipita uani. Severini akaanza kupumua tena.

Ndipo zikaja, kutoka ndani, chini kabisa. Moja. Mbili. Tatu.

Severini alifanya ishara ya msalaba na mkono wake haukufika begani. Watu walikusanyika, hakuna aliyesogea karibu. Yunusi aliletwa. Aliyasikia yote, akaketi kwenye kinu kama mtu aliyepigwa. Mmoja akasema mlango uvunjwe. Scholastika alikataa.

"Kaka," akasema. "Anakungoja wewe. Mwite."

"Dada, siwezi."

"Mwite. Mimi nilimwita vibaya. Wewe mwite vizuri."

Yunusi alisimama katikati ya ua. Hakukuwa na ngoma wala pombe, wala wa kumbeba mwali mabegani. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni.

"Modesta," akaita. "Toka, mwanangu."

Kamba ya ndani ikalegea. Wote waliisikia. Mlango ukajisukuma polepole, ukafunguka wote.

Hakuna aliyetoka.

Mtoto mgongoni mwa Scholastika aliinua uso. Akatazama mlangoni. Kisha shingo yake ikageuka taratibu, kutoka mlangoni, kupita katikati ya watu, mpaka kwenye njia ya Mkuyuni, na akacheka kama alivyozoea kumchekea dada yake.

Ndani hakukuwa na mtu. Kitanda kilikuwa baridi, na vumbi la sakafuni halikuwa na alama hata ya mende. Chakula cha siku zote kilikuwa kimepangwa kando ya ukuta, tonge baada ya tonge, hakijaguswa. Mwanamke mmoja akatoka mbio akitapika.

Scholastika hakulia siku ile. Alilia njiani kesho yake, Severini alipompeleka kaburini. Walitembea tangu alfajiri, mtoto ameachwa kwa jirani, na kila penye kijito alisimama akauliza jambo moja tu: kama mwanawe aliogopa.

"Hakuogopa," Severini akasema. "Hilo ndilo lililonishangaza. Sanduku lilikuwa zito kuliko yeye. Nilimtazama nikamwonea huruma, akaniambia, si zito, Mwalimu, mama amelishika kwa nyuma. Nikadhani ni homa. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye kamba. Askari wote walitangulia. Nyuma yake hakukuwa na mtu."

Scholastika alitembea kidogo, akasimama tena.

"Nilimwomba Mungu amlinde, au basi asiwe peke yake. Hakumlinda, Mwalimu. Mimi ndiye niliyemtoa kwa mdomo wangu."

Severini alimshika kiwiko, wakaendelea kuteremka.

Kaburi lilikuwa kando ya njia, tuta dogo jekundu lenye msalaba wa vijiti. Mvua ilikuwa imenyesha siku ile waliyopita, jua likaja kukausha, kwa hiyo njia ilikuwa imeshika nyayo zote kama ukuta mbichi unavyoshika vidole. Viatu vya askari vilikuwa mbele. Nyuma yao nyayo za wapagazi, mstari mmoja. Za mwisho zilikuwa ndogo, zimedidimia kwa mzigo, na Scholastika alizijua kabla ya kuonyeshwa.

Lakini hazikuwa za mwisho.

Nyuma yake kulikuwa na nyingine, hatua kwa hatua, za mwanamke aliyetembea karibu kabisa, vidole vinakanyaga kisigino cha mtoto. Mguu wa kushoto ulikosa kidole kidogo. Severini aliziinamia, akazitazama, kisha akatazama mguu wa kushoto wa Scholastika, ambao jembe liliukata kidole akiwa msichana. Akarudi nyuma hatua mbili.

Scholastika aliweka mguu wake ndani ya unyayo ule. Ulienea wote. Akaweka wa pili kwenye unyayo uliofuata, wa tatu, wa nne, akipita pale mtoto alipoyumba, pale alipoanguka mara ya kwanza. Nyayo zikaacha njia zikaelekea kwenye tuta.

"Mwalimu," akanong'ona, "ulipomzika, ulipiga magoti upande huu?"

"Nilisimama upande wa pili. Upande huo hakuna aliyefika."

Kando ya kaburi udongo ulikuwa na mashimo mawili ya mviringo, yaliyoachwa na magoti ya mtu aliyekaa hapo muda mrefu. Scholastika akakusanya nguo yake, akapiga magoti ndani yake, na yakamtosha.