Kiti cha Katikati

Mto wa kiti ulikuwa umebonyea. Fundi cherehani aliuona asubuhi alipoingia chumbani kutafuta uzi mweusi, akasimama amekunja uso. Juzi tu aliufumua mwenyewe, akatoa usufi uliooza, akajaza mpya mpaka ukavimba, na tangu hapo hakuna aliyeukalia. Akaugusa. Ulikuwa na joto.

"Paka," alijiambia. Hakuwa na paka.

Chumba kile kilikuwa chake cha kushonea kabla mama yake hajafariki na kuacha urithi: kabati bovu, saa ya ukutani iliyogoma zamani, sanduku la picha, na hicho kiti cha mbao nyeusi chenye mgongo mrefu. Watoto wa marehemu walikuwa wawili tu, yeye na kaka yake mwalimu mkuu. Baada ya mazishi kaka alisema, "Weka kwanza kwako, tutajadiliana." Hiyo kwanza ilikuwa imekula mwaka mzima. Siku hizi fundi alishonea kwenye ujia, goti likigonga ukuta, wateja wakimruka kama wanaovuka mtaro. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kaka mtu aliuona huu mwepesi kweli kweli.

Akampigia simu.

"Kaka, njoo uchukue hata hiki kiti."

"Kwangu hakuna nafasi, mdogo wangu."

"Una vyumba vinne na mnaishi wawili."

"Usikitupe lakini, ni kumbukumbu ya mama. Na zile picha zipige kwa simu unitumie. Taratibu tu, ukipata muda."

Fundi alikata simu, akalifungua sanduku kwa hasira. Picha alizijua tangu utotoni. Katika kila moja kiti kile kilikuwa katikati, kitupu, na familia nzima imesimama kukizunguka. Hata bibi, na miguu yake mibovu, alikuwa amesimama akishikiliwa kwapani. "Msikikalie," mama alikuwa akiwaambia, "na msipige picha bila hicho." Wao waliamini ni kiti cha baba, aliyekufa mapema. Lakini hapa kulikuwa na picha ambayo baba yumo, mzima, amesimama na mkono wake uko juu ya mgongo wa kiti.

Halafu jicho lake la ufundi likaona jingine. Katika kila picha mto ulikuwa umebonyea, na kitambaa kimevutika kwenye pembe, kama kinavyovutika mtu anapokaa.

Mwenye akili zake angeogopa. Yeye aliogopa kidogo, ila uchovu ulikuwa mwingi kuliko woga. Alikibeba kiti kichwani hadi kwa seremala wa jirani na kumwambia akivunje amtengenezee stuli ya cherehani.

"Mbao hii ina joto," seremala alisema, akiacha msumeno. "Na inanuka nywele zilizoungua."

"Kata tu. Ni jua hilo."

Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi.

Jioni mvua ilinyesha na umeme ukakatika. Fundi alikuwa kwenye ujia, juu ya stuli yake mpya, aliposikia kiti kikiburutwa chumbani. Kikaburutwa, kikatulia, kikaburutwa tena, kama mtu anayetafuta pa kukaa. Chumbani hakukuwa na kiti. Alikuwepo binti yake wa miaka saba, mkekani, akichezea picha. Fundi akawasha mshumaa, akaenda akipapasa ukuta kwa mkono, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ya nywele zilizoungua ilivyozidi, na mlio ule ukawa unahama kutoka kona moja hadi nyingine, kutoka kabatini hadi dirishani, kutoka dirishani hadi usawa wa mkeka, na hapo, mkono wake ulipogusa mlango, ukakoma.

"Mama," mtoto alinong'ona, "mwambie ashuke."

"Nani, mwanangu?"

"Amenikalia mapajani. Ni mzito."

Mshumaa ulionyesha gauni la mtoto limebonyea mapajani, na kitambaa kimevutika pembeni, vilevile. Fundi akamshika makwapa, akamvuta kwa nguvu zake zote. Mtoto hakusogea.

Seremala, aliyesikia mayowe yake, alikimbia mvuani kumleta mganga, mama mzee aliyekuwa akimtembelea marehemu. Mganga aliitazama stuli, akasonya.

"Mlimvunjia kiti chake. Huyu jini alihamia kwenu kabla hujazaliwa. Hakutaka damu wala mali, alitaka kukaa na jamaa. Mama yenu akampa pa kukaa ili asimkalie mtu."

"Hakutuambia."

"Angewaambia, mngelala?"

"Basi achukue hii stuli."

"Haina mgongo, aegemee wapi? Weka kiti cha maana hapo katikati, na damu yote ya mama yenu isimame kukizunguka. Kaka yako pia. Kisha nitamwita ahamie."

Kaka alipopigiwa alisema, "Na mvua yote hii? Mpe dawa ya homa, kesho tutajadiliana." Fundi hakuwahi kumtukana mkubwa wake maishani. Jioni ile alimtukana mpaka akaja.

Aliingia amelowa, amenuna. Kiti cha wateja kilikuwa katikati ya chumba, kina mto mpya. Mganga alikuwa uani akiwasha makaa. Mtoto alipumua kwa shida, midomo imekauka.

"Nimesimama shuleni kutwa nzima," kaka alisema. "Haya, mnanitakia nini?" Akakiendea kiti.

Fundi alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, na muda wa kulisema ulikuwepo. Akamtazama binti yake. Akafunga mdomo.

Kaka akakaa. Mto ukabonyea kwa uzito wake, kisha, polepole, ukabonyea tena. Mtoto akainuka na kuomba maji.

Mganga aliporudi alisimama mlangoni, akawaangalia wote mmoja mmoja. Aliyamwagia makaa yake maji, akaaga. Kaka aliondoka baadaye, amejishika kiuno, akilalamika kwamba mgongo umemkaza.

Fundi alirudi kushonea chumbani. Picha alizitundika zote ukutani, na hakuona tena mto uliobonyea hata katika moja. Siku moja mchana simu ikalia.

"Mdogo wangu," kaka alinong'ona. "Siwezi kusimama. Anazidi kuwa mzito, na mke wangu amekimbia. Njoo umchukue, nakuomba."

Nyuma ya sauti yake kitu kilikuwa kikiegemea, mbao zikilia. Mbele ya fundi binti yake alikuwa akiruka kamba.

"Kaa naye kwanza, kaka," alisema. "Tutajadiliana."