Mtaro Ulioitwa Mto

Mawingu yakitanda tu, Mama Pacha husimamisha cherehani. Hukusanya vitambaa vya wateja na kuvipandisha juu ya kabati. Mumewe ni seremala. Naye huacha mbao zake uani na kuziba mlango kwa mifuko ya mchanga. Msimu uliopita maji machafu yaliingia ndani hadi magotini. Watoto wote wawili waliharisha.

Kwa hiyo siku wazibuaji wa mitaro walipofika mtaani, Mama Pacha alishangilia. Lakini waliupita mtaro wa nyuma ya nyumba yake, majembe mabegani.

“Jamani, kaka zangu! Mbona mmeturuka?”

Msimamizi wao alimwonyesha simu. “Shemeji, tumetumwa mitaro. Ramani inasema hapa kwenu kuna mto. Mito si kazi yetu.”

“Mto! Mto gani huu ninaouruka na ndoo kichwani?”

Baba Pacha alikohoa. Wote wakamgeukia.

“Ramani hiyo ni ya watu wote,” alisema taratibu. “Yeyote anaweza kuchora. Huu niliuchora mimi. Niliona maji, nikachagua ‘mto’. Kwani maji si maji?”

“Umetuponza, baba watoto!” mkewe alisema.

Jirani yao, mfanyakazi wa idara ya maji, alikuwa akianika nguo. Mtaani walimwita Dada wa Maji. Aliacha nguo zake, akaja.

“Usimgombeze, wengi hukosea hapo. Shemeji, twende tuukague kwa miguu.”

Walifuata ukingo wa mtaro.

“Usitazame maji tu,” Dada wa Maji alieleza. “Jiulize, nani kauchimba, na wa kazi gani? Mto umejichimba wenyewe. Ukiwa mwembamba, mtu anauruka, huo ni kijito. Mfereji huchimbwa ulete maji yanapohitajika, kama shambani. Huu je?”

“Huu umejengwa kwa saruji. Unaondoa maji ya mvua na uchafu.”

“Basi ni mtaro. Na wakati wa kiangazi?”

“Mkavu kabisa.”

“Hilo nalo liandike, kwamba maji yake ni ya msimu. Sasa niambie, ulianza kuchora upande gani?”

“Barabarani, nikaja hadi nyumbani.”

“Mstari huanzia maji yanakotoka, ukaishia yanakokwenda. Hapa yanakwenda wapi?”

Baba Pacha alitoa mfukoni maranda kidogo ya mbao, akayatupa majini. Yaliyumbayumba, kisha yakasogea polepole kuelekea barabarani.

“Lo! Mimi nimechora maji yanayopanda mlima!”

Dada wa Maji alicheka hadi akashika kiuno.

Penye barabara, maji yalisimama, meusi tii. Mtaro ulionekana tena ng’ambo.

“Hapa unapita chini ya barabara, ndani ya kalavati,” alisema Dada wa Maji. “Nalo lionyeshe. Usipolionyesha, nani atajua kuna kitu cha kuzibua?”

Baba Pacha alichuchumaa, akachungulia. Godoro kuukuu lilikuwa limekwama ndani ya lile bomba kubwa la saruji.

Palepale alishika simu. Alibadili “mto” kuwa “mtaro”. Aligeuza mstari. Aliongeza alama ya msimu na ya kalavati. Kisha akawakimbilia wazibuaji mtaa wa pili.

Msimamizi alifungua ramani upya, akatabasamu. “Sasa tumeelewana, kaka.”

Walirudi. Walianzia chini, maji yanakokwenda, ili yapate njia. Godoro lilivutwa kwa kamba, na maji yote yakaondoka kwa mkupuo mmoja.

Jumamosi mchana mvua ilishuka kama imemwagwa. Baba Pacha alisimama dirishani, roho juu. Maji yalipanda, yakakaribia ukingo. Hayakuvuka. Yalikimbia kuelekea barabarani, yakamezwa na kalavati. Alishusha pumzi ndefu.

“Mama Pacha, njoo uone! Yanakwenda!”

Mkewe alikuja, akasimama ubavuni pake. Nyuma yao watoto walikuwa wakicheza sakafuni.

“Yaende salama,” alisema akicheka, huku machozi yakimlengalenga. “Wala yasitukumbuke.”