Kidole cha Marehemu Fermín

Maiti ilikuwa imeanguka ubavu kwenye kizingiti cha chumba cha kugandishia, magoti bado yamekunjwa kama ya mtu aliyeketi. Ngozi ya ngumi zote mbili ilikuwa imechubuka. Barafu nyembamba ilishika kwenye nyusi.

Mkaguzi Eulalia Cusihuallpa aliitazama, kisha akajikuta amerudi nyuma hatua mbili hadi kwenye joto la ukumbi. Miaka kumi na minane ya upelelezi katika mji wa Puerto Maldonado, na bado alitaka kuhakikisha kwamba mlango nyuma yake uko wazi.

"Nani amemkuta?"

"Mimi, afande." Bi Primitiva, mfagizi wa kituo cha utafiti, alikuwa amekumbatia ufagio wake. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hii. Nimevuta mlango tu, akaniangukia miguuni. Mama yangu! Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka."

"Unamfahamu?"

"Nani asiyemfahamu? Bwana Abelardo Puma. Sisi tunamwita Bwana Karatasi."

Abelardo Puma alikuwa katibu wa kamati ya maadili ya utafiti. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mgonjwa anayejaribiwa dawa bila kuelewa na bila kukubali. Wenye haraka hawakumpenda.

Mkaguzi aliukagua mlango kwa ndani. Pale palipotakiwa kuwa na mshikio palikuwa na kisiki cha chuma.

"Huu umevunjika lini?"

"Tangu mwezi wa pili, afande. Kila siku wanasema fundi anakuja. Sisi wote wa hapa tunajua: ukiingia, unatia kabari mlangoni. Usipotia, umekwisha."

"Na kabari iko wapi?"

Bi Primitiva alinyoosha kidole. Kipande cha mbao kilikuwa juu ya rafu ya nje, kimewekwa vizuri kabisa, mbali na mlango. Mfagizi akakielewa alichokuwa anakionyesha, akaanza kulia upya.

"Kabari haina miguu," alisema Mkaguzi.

Dakta Octavio Larrañaga, mtafiti mkuu, alikuja akitembea haraka, koti lake jeupe halina hata doa. "Ajali ya kusikitisha sana. Mtu hajui mazingira, anaingia peke yake... Afande, nakuomba jambo moja. Nina wagonjwa thelathini na mmoja wanasubiri. Saa tatu wanachomwa sindano ya duru ya pili."

Mkaguzi alichungulia barazani. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, watu wa msituni waliotoka kuokota njugu za castaña, na watoto wao. Karibu kila uso ulikuwa na kidonda cha espundia, ugonjwa wa msituni unaokula ngozi: shavuni, mdomoni, mmoja puani ambapo pua yenyewe ilikuwa inakwisha. Wote walikuwa wamekwisha kunja mikono ya mashati. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika tano.

"Tutaona," alisema.

Sajini Huillca, mtaalamu wa alama za vidole, aliipekua maiti akiwa amevaa glavu. Katika mfuko wa ndani wa shati alitoa karatasi mbili zilizogandana. Ilibidi wazipulizie pumzi mpaka zikaachana.

Ya kwanza ilikuwa cheti cha kifo. Fermín Ccahuana, miaka arobaini na mmoja, mwokotaji wa castaña. Amefariki tarehe tisa Februari. Moyo umesimama.

Ya pili ilikuwa fomu ya ridhaa ya kuendelea na utafiti. Fermín Ccahuana, sahihi, na pembeni yake alama ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Tarehe mbili Machi.

Mkaguzi alizisoma tarehe zote mbili tena. Alipiga simu kwa mjane, namba iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya cheti.

"Alichomwa sindano yao Jumatano," sauti ya mwanamke ilisema. "Jumamosi amekunywa kahawa, akashika kifua, basi. Nilipiga simu hapo kituoni siku hiyohiyo. Wakaniambia pole mama, tutaandika. Kumbe wapi! Juzi nimempelekea cheti Bwana Abelardo. Kwani wameandika nini?"

Mkaguzi alimwambia atampigia tena. Alikata simu, akatoka hadi barazani akiwa na hofu. Hakuwa daktari. Kama dawa ilikuwa njema, angewanyima watu tiba. Kama ilikuwa inaua, alikuwa na dakika arobaini.

"Hakuna sindano leo," alitangaza.

"Huna mamlaka hayo!" Dakta Larrañaga alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Nina maiti moja ndani, Daktari. Sitaki ya pili hapa barazani."

Sasa, kwingineko mghushi angeishia kwenye sahihi. Kwetu Peru, karatasi isiyo na kidole ni ya kufungia samaki. Ukinunua pikipiki unatia kidole, ukikodi chumba unatia kidole, hata kumwandikisha mtoto shule. Mkono umekwisha zoea. Ukiona nafasi pembeni ya sahihi unaenda wenyewe kwenye pedi ya wino. Aliyemfufua Fermín alikuwa mtu wa kwetu, na wa kwetu hawezi kuiacha nafasi ile wazi. Kidole kikatakiwa, na marehemu hakuwapo kukitoa.

"Wafanyakazi wote sita, kidole cha shahada, mkono wa kulia," Mkaguzi aliamuru.

"Mimi ni mtafiti," alisema Dakta Larrañaga. "Si mwizi wa kuku."

"Vizuri. Basi tufanye utafiti kwenye kidole chako."

Walipita mmoja mmoja. Sajini Huillca aliinamia lenzi, akalinganisha, akazipitia pia fomu nyingine zote za duru ya pili. Alipoinuka hakusema kwa sauti. Alimsogelea Mkaguzi na kumnong'oneza.

"Kidole hichohicho kiko kwenye fomu tatu, afande. Kina kovu linalokata katikati. Ni cha nesi, Delmira Apaza."

Delmira alikuwa msimamizi wa wagonjwa, mwanamke wa miaka thelathini na mitano. Walimketisha katika chumba cha dawa. Mikono alikuwa ameikalia.

"Fermín Ccahuana ulimjua?"

"Wagonjwa ni wengi."

"Alikufa Februari. Machi ametia kidole. Chako."

Delmira aligeukia rafu za dawa.

"Wale wengine wawili?"

"Wamehama."

"Wamehamia wapi, dada? Nipe kijiji. Nipe mto."

Delmira alifumba macho. "Wamekufa," alisema. "Moyo, wote watatu. Huko huko kambini, msituni. Nani angejua?"

"Mwongozo wa utafiti unasema nini kuhusu kifo?"

"Unaripoti ndani ya siku moja. Wakifika watatu, utafiti unasimama."

"Daktari alijua?"

"Aliniambia hataki habari mbaya kabla ya duru ya pili. Kwa hiyo sikumletea."

"Na jana?"

"Bwana Abelardo alinipigia nimfungulie kituo. Jumapili, saa saba mchana, hakukuwa na mtu. Alinionyesha cheti. Hakunigombeza, afande, hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, 'Binti yangu, kama Fermín alikuja Machi, damu yake ya Machi itakuwa kwenye chumba cha kugandishia. Twende tukaitazame.' Akaingia. Niliweka kabari mwenyewe, kwa mkono wangu." Aliutoa mkono huo alioukalia, akautazama. "Halafu nikaitoa."

"Aligonga?"

"Jenereta lilikuwa linanguruma."

"Sijauliza jenereta. Aligonga?"

"Aligonga. Aliniita kwa jina. Nilikwenda mapokezi nikafungua redio."

Sajini Huillca aliacha kuandika. Mkaguzi alitaka kumchukia mwanamke huyu na akaona haitoshi, alikuwa anamwogopa.

"Kwa nini?"

"Mtoto wangu Maricielo yumo kwenye utafiti. Miaka saba. Kidonda kilikuwa kinapanda kuelekea puani. Mwalimu wake alimhamishia dawati la nyuma, peke yake. Amechomwa duru ya kwanza, kidonda kikakauka, afande! Nimekiona kwa macho yangu kinafunga. Utafiti ukisimama, dawa inarudi walikoitoa, na mimi nabaki na nini? Wale watatu walikuwa wamekwisha kufa. Nisingewarudisha." Aliteleza kutoka kitini hadi magotini. "Nifunge miaka utakayo. Ila mruhusu achomwe ya leo. Sindano moja tu, ndipo unitie pingu."

Mkaguzi alimwita Dakta Larrañaga na kumwamuru afungue bahasha za siri, zile zinazosema nani alipewa dawa na nani alipewa maji ya chumvi yasiyo na kitu. Alikataa. Mkaguzi akamsomea jina la Fermín, kisha majina ya wale wawili. Akazifungua.

"Ccahuana, dawa," alisoma. Sauti yake ilipungua. "Wa pili, dawa. Wa tatu... dawa."

"Maricielo Apaza."

Bahasha ilichanika vibaya mikononi mwake. Alisoma, akasoma tena.

"Maji ya chumvi."

"Uongo," alisema Delmira. "Kimepona!"

"Vingine hupona vyenyewe," alijibu daktari bila kumtazama. "Ndiyo sababu tunalinganisha."

"Na duru ya pili?" Mkaguzi aliuliza. "Leo angepewa nini?"

"Duru ya pili hakuna maji. Wote wanapewa dawa."

Delmira hakupiga kelele. Aliinuka akishikilia meza, akaenda mpaka kwenye dirisha dogo linalotazama barazani. Msichana mwenye kovu jeupe shavuni alikuwa amekaa mwanzo wa benchi, mkono wa blauzi umekunjwa mpaka begani, akila ndizi ya kuchoma.

"Ni mimi niliyemweka wa kwanza," alisema. "Ili asisubiri."

Mkaguzi alimtia pingu, kisha akamtuma Sajini Huillca akamshushe mtoto mkono wa blauzi.