Wimbo wa Kuinulia Reli

Rafiki yangu Danson alikuwa mkaguzi wa reli ya Voi kwenda Taveta miaka ya hamsini. Mnyapara alimwonya mapema: "Bwana, njia hii ilitandikwa na vibarua wa jeshi wakati wa vita vya kwanza, na wengi walifia hapa. Ukiwa peke yako, usianzishe wimbo wa kuinulia reli."

Jioni moja karibu na kilima cha Salaita alingoja kiberenge, kile kigari cha reli cha wakaguzi, kimchukue hadi giza likaingia. Alikuwa ameketi juu ya reli ya akiba iliyolazwa kando ya njia, chuma cha kubebwa na watu kumi. Upweke ukamzidi. Akaimba mstari wa kiongozi, akanyamaza kwa mazoea pale ambapo vibarua huitikia na kuinua reli kwa pamoja.

Hakuna aliyeitikia. Alisikia pumzi tu, za watu wengi, wakizivuta kwa pamoja.

Alipotaka kusimama, miguu yake haikufika chini.