Plagi za Rozina

Mtaa wa maduka ya spea Sumbawanga asubuhi haupitiki. Bodaboda wanapiga honi, magunia ya mahindi yanapita mabegani mwa watu, upepo nao unang'ata masikio. Masunga, kijana wa Kisukuma aliyeacha bodaboda juzi tu baada ya baba yake kuuza ng'ombe na kumnunulia gari ya teksi, akajipenyeza duka la kwanza lenye nafasi, plagi kuukuu kiganjani.

Nyuma ya kaunta alisimama Rozina. Sweta zito la bluu, kitenge cha njano kiunoni, nywele kazibana kwa kalamu.

"Mambo."

"Poa. Nikusaidie nini, kaka?"

"Plagi. Gari inamisi, inatetemeka. Ni haibridi."

Rozina akaigeuza plagi kwenye mwanga, akasoma namba ndogo ubavuni. "Hizi za hapa hazifai. Injini yako inajizima na kujiwasha yenyewe njiani, inataka za madini ya iridiamu. Nitaagiza Mbeya."

"Kwani nyie Wafipa si mna radi za kurusha? Plagi za nini tena?"

"Na nyie si mna ng'ombe? Funga wawili mbele, usinisumbue."

Duka zima likacheka. Masunga alitoka kama kapigwa shoti.

Basi ikawa kila siku anapiga simu kuuliza kama plagi zimefika. Wiki ya pili akasahau kuuliza plagi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ugali wa ulezi. Wewe?"

"Mimi nasubiri sauti yako ndio nishibe."

"Utakufa njaa, Masunga."

Zilipofika, Rozina alimfungulia boksi moja. Katikati ya plagi kulikuwa na ncha imesimama, nyembamba kama sindano ya kushonea. Masunga akabana pumzi.

"Hiki ndicho kinawasha moto?"

"Hicho hicho. Toka hapa mpaka kwetu Mwazye kinapiga cheche huwezi kuzihesabu. Jumamosi twende ukawasalimie wazee?"

"Nimekubali kabla hujauliza."

Sasa mtu wa bodaboda hafungi plagi hivi hivi. Lazima aisugue kwa msasa, aigonge kwenye jiwe ncha zisogeleane. Masunga akasugua, akagonga, moja, mbili, tatu. Ya nne simu ikaita, Rozina anauliza kafikia wapi, Masunga akaifunga bila kuigonga huku anaongea. Kuwasha, gari ikatetemeka kuliko mwanzo.

Akaenda dukani amevimba. Wateja wamejaa.

"Rozina, umeniuzia feki."

Mteja mmoja akairudisha kwenye kaunta beringi aliyokuwa analipia. Rozina aliitazama ile beringi, kisha akamtazama Masunga.

"Una uhakika?"

"Kabisa."

"Haya. Toka dukani."

Jioni Masunga alipompigia, simu haikupita. Wala kesho yake.

Jumamosi asubuhi akazifungua plagi azitupe. Tatu zilikuwa butu, hazina ncha. Ya nne ncha imesimama, inang'aa. Masunga akakaa chini kwenye vumbi. Kidude kama kile, kinabeba gari na watu wake, na yeye kakiponda kwa jiwe! Halafu kamsema aliyemkabidhi mbele za watu.

Akazirudishia, gari ikaenda inakohoa mpaka dukani.

"Shikamooni wazee," akasema mlangoni. "Plagi za Rozina ni halali. Mimi ndiye nimezigonga kwenye jiwe."

Watu wakaguna.

"Zote?" Rozina hakuinua uso.

"Tatu. Ya nne ulinipigia simu."

Rozina akauma mdomo, kicheko kinamsumbua. "Rudia. Yule mzee wa pembeni hajasikia."

Masunga akarudia, kwa sauti.

Rozina akatoa boksi jipya, akakunja mikono ya sweta, akazifunga mwenyewe, kila plagi anaizungusha kwa vidole kwanza, polepole. Akabonyeza kitufe. Taa zikawaka, gari kimya. Wanaume wakasogea. Kidogo tu injini ikaingia, laini.

Rozina akabaki kwenye usukani. "Panda. Mama anachinja kuku."

"Hukumwambia tumegombana?"

"Nimeshika simu mara nyingi nimwambie huji." Akatazama mbele. "Nikashindwa."

Masunga akazunguka upande wa abiria, akafungua mlango taratibu, kama mtu aliyechelewa kanisani akakuta watu wamepiga magoti.