Mabuti Yaliyorudishwa Mnadani

Aliyenisimulia jambo hili ni Avelina, jirani yangu hapa Sharpstown. Jumamosi ile tulinadi vifaa vikuukuu vya kuteleza kwenye theluji, ili kituo kinachotulelea watoto tukiwa kazini kisifungwe. Kwenye minada yetu, mtu akinunua kitu anaweza kukirudisha kinadiwe tena, mchango uongezeke. Jozi moja ya mabuti ilirudishwa na kila aliyeinunua, na tulishangilia ukarimu wao.

Jioni Avelina aliyapeleka mabuti stoo. Taa ilikuwa imeungua. Alipoyaweka chini gizani, akasikia vifungo vyake vikifungwa taratibu, kimoja baada ya kingine.

“Cherotich, acha utani, mwenzio nina moyo mdogo,” Avelina alisema, akidhani mwenzetu huyo yumo mle gizani.

“Utani gani? Si niko huku nje na watoto,” Cherotich alijibu.

Avelina alinisihi nisimwambie mtu, maana mnada ulikuwa unaendelea Jumapili, na kama wanunuzi wangeogopa, kituo kingefungwa.

Asubuhi nilikwenda stoo peke yangu. Mabuti yalikuwa yamefungwa vifungo vyote, yakielekea mlangoni. Nilifungua buti moja, nikaingiza mkono. Ndani mlikuwa na joto la mguu.